Pombe ya Ijumaa, Pumzi ya Jumamosi

Niliporudi kutoka Sauzi, yaani Afrika Kusini, na diploma yangu ya kutengeneza mvinyo, ndugu walionipokea walikubaliana jambo moja tu: sitaweza. Mjomba wangu, kaka yake mama, anayeuza maji na mchanga kwa mkokoteni wa punda hapa hapa mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, alilisema mbele ya ukoo mzima huku mkono wake ukiwa bado kwenye sahani ya pilau niliyoinunua mimi.

"Mtoto huyu mvinyo atautengeneza, sikatai," alisema. "Lakini hautafika kwenye meza ya harusi hata moja. Ataumaliza mwenyewe njiani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kile kicheko cha taratibu cha mtu aliyesoma.

Niseme ukweli juu yangu, maana hakuna atakayeusema vizuri kunizidi. Nilikwenda Sauzi na begi moja, kuchuma zabibu kwenye mashamba ya watu. Kutoka kuchuma nikapanda nikawa mwosha mapipa. Kutoka kwenye mapipa nikaingia darasani, nikisoma jioni na kuosha mchana, mpaka nikatunukiwa diploma. Sikubebwa na mtu. Diploma hiyo imo kwenye fremu sebuleni, juu ya televisheni, na mgeni akikaa kwenye kiti kisichoitazama, namwomba ahame.

Pamoja na diploma nilirudi na kifaa kidogo cha kupimia pombe kwenye pumzi. Ukipuliza, taa huwaka: kijani ukiwa msafi, nyekundu ukiwa bado unayo. Huku kwetu kipimo kama hicho watu walikuwa wamekiona mikononi mwa trafiki tu, kwa hiyo kukimiliki kulinipa hadhi fulani, na hadhi mimi huwa siiachi ikae bure. Nilimpima kila mtu. Nilimpima mjomba saa tatu asubuhi, taa nyekundu, akaniambia kifaa kinasoma dawa ya kikohozi. Nilikwenda kijiwe cha madereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, nikawapanga foleni mmoja mmoja. Waliotoa nyekundu niliwatangaza kwa sauti, na wateja wao wakiwa pale pale wanasikia.

Kisha nilikuwa nawapa somo.

"Ndugu zangu," nilikuwa nasema, "ini la mtu ni dirisha moja la ofisi lenye karani mmoja. Glasi moja ya mvinyo humchukua karani huyo kiasi cha saa nzima, pengine zaidi. Ukileta glasi kumi, zinapanga foleni. Ukinywa kahawa, ukioga maji ya baridi, ukila supu, karani hana habari. Ukilala, anaendelea kwa mwendo ule ule. Ini halipokei rushwa!"

Katika mji uliojaa maofisi kama Dodoma, mfano huo ulieleweka mara moja. Mmoja wao aliuliza, "Sasa inakaa muda gani humo ndani?" Nikamjibu kwamba inategemea umekunywa kiasi gani, mwili wako ukoje na tumbo lilikuwa na nini; mkojo unaweza kukusengenya hata baada ya pumzi kunyamaza; na mtu aliyelewa jioni asidhani asubuhi ni siku mpya. Maneno mazuri sana. Nilipendezwa nayo kiasi kwamba nilimlipa fundi rangi aandike kwenye mlango wa pikapu yangu: DEREVA WA GARI HILI HUPULIZA KWANZA.

Mvinyo wenyewe niliutengeneza kwenye chumba cha nyuma. Zabibu nilizipata kwa wakulima wa Mpunguzi, nje ya mji, kaya sita, walionipa mali kauli: chukua leo, ulipe ukiuza. Hawakuwa wakinijua. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mjane aliyenipa zao lake lote, akisema macho yangu yanafanana na ya mtu aliyewahi kumrudishia jembe. Kama nisingeuza, bibi yule angekaa msimu mzima bila chochote, na wenzake watano vivyo hivyo. Hilo lilikuwa linanifuata hata bafuni.

Kisha nikapata oda. Harusi Ipagala, bwana na bibi harusi wote watumishi wa serikali, ukumbi mkubwa, na kamati iliyokubali kununua mvinyo wangu wote. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa suruali ya kunyooshwa hadi inakata, alikuwa na sharti moja. "Jumamosi saa sita mchana mzigo uwe ukumbini. Ikipita saa sita, mimi nachukua za dukani. Sitaki kusikia habari za pancha."

Nikamwambia neno pancha halimo kwenye msamiati wangu.

Ijumaa nikaipakia pikapu kreti zote, nikaifunga turubai, nikaiacha nyumbani. Kisha nikapanda bodaboda na madumu mawili ya mvinyo kwenda Mpunguzi. Huko mtu aliyekukopesha zao lake haulizi fedha kwanza. Anauliza limekuwa nini. Ni adabu kumwonjesha kabla hujauza kwa wengine.

Nilianza kwa yule bibi. "Mbukwa!" akanisalimia kwa Kigogo, nami nikaitikia, nikampa shikamoo juu yake. Aliita wakwe na majirani, wakakaa kwenye vigoda. Nikamimina. Nikazungusha kikombe, nikanusa, nikavuta funda, nikalizungusha mdomoni kama nilivyofundishwa, kisha nikageuka nikalitema chini kwa ustadi, mstari mmoja mwembamba ulionyooka. Sauzi niliwahi kusifiwa kwa kutema.

Mkwe wake mmoja alinyoosha mkono taratibu, akamwondolea bibi kikombe chake.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "umetema?"

"Ndiyo, bibi. Sisi wataalamu hatumezi. Tunaonja tu."

"Kwa hiyo wewe uliyekipika kimekushinda, ndiyo unaniletea mimi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimekaa ugenini mpaka nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua: anayeleta kinywaji ndiye anayekinywa wa kwanza, mbele ya macho ya watu, kutoa sumu. Nami nilikuwa nimefika na dumu, nimelionja mbele ya ukoo, na nimetema. Hata kama ningeandika kwenye bango kwamba nimekuja kuwaua, nisingeeleweka vizuri zaidi.

Nikachukua funda lingine, nikameza. Bibi akatikisa kichwa.

"Funda moja hata mchawi hulivumilia. Maliza."

Nikamaliza. Vikombe vya pale ni vya bati, vile vikubwa vya uji. Nilipokigeuza kionekane kitupu, watu wakapumua, wakanywa, wakacheka, wakasifu. Bibi akasema unafanana na zabibu zake, na sijawahi kupewa sifa nyingine niliyoielewa namna ile.

Nilidhani yameisha. Lakini simu hukimbia kuliko bodaboda. Nilipofika nyumba ya pili, kikombe changu kilikuwa kimeshawekwa katikati ya uwanja, na mwenye nyumba akaniambia, "Tumesikia wewe unatema." Ikawa hivyo nyumba zote sita: mimi nasimama, wao wanalikodolea macho koromeo langu, nami nakunywa mpaka chini. Na ukweli usemwe, mvinyo ulikuwa mzuri. Kuanzia nyumba ya nne sikuhitaji kusukumwa.

Jua likizama nilikuwa nyuma ya bodaboda narudi mjini, nikipiga hesabu za kitaalamu. Vikombe sita. Kikombe kimoja, saa moja. Nilianza mchana. Kwa hiyo karani wangu angefunga dirisha hata kabla sijavua viatu. Niliipenda hesabu hiyo, nikamweleza dereva wa bodaboda mara mbili. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba kikombe cha bati cha uji si glasi. Ni glasi mbili na chenji.

Asubuhi niliamka nikiwa mwepesi. Kichwa hakiumi, macho meupe, njaa ya kawaida. Nikavaa suti yangu ya mahafali, maana nilitaka wageni wa harusi wamjue mtengenezaji. Nikatoka nje. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya pikapu, mgongo wake umefunika nusu ya maandishi ya mlangoni, na kifaa changu kikiwa mkononi.

"Puliza," akasema.

"Mama watoto, nimelala kama mtoto mchanga."

"Wale wa kijiwe nao walikuwa wamelala. Puliza."

Nikapuliza kwa madaha. Taa nyekundu.

Nikakitikisa kifaa. Nikakifuta kwa tai. Nikapuliza tena. Nyekundu, na namba juu yake wala haikuwa ndogo ya kuonewa huruma.

Sasa naomba msomaji asinicheke kabla sijamaliza. Mimi, mwenye diploma, niliyewahi kuwahutubia watu wazima juu ya ini, niliomba chai ya tangawizi. Nikanywa, nikapuliza: nyekundu. Nikaoga maji ya baridi nikitetemeka kama kifaranga, maana asubuhi za Dodoma wakati wa kipupwe si za mzaha. Nyekundu. Nikapiga mswaki mara mbili. Nikatafuna ndimu na maganda yake. Nikaagiza supu ya utumbo kwa mama ntilie wa jirani, nikainywa nimesimama. Nyekundu, na sasa inanuka utumbo.

"Karani bado yupo dirishani?" mke wangu akauliza.

"Si wakati wa mzaha."

"Simfanyii mtu mzaha. Nauliza kama ofisi imefungwa ama bado mna foleni."

Nikaunyoosha mkono nipewe ufunguo. Akauweka mahali ambapo mume mwenye heshima zake haendi kutafuta kitu mchana kweupe barabarani. "Ukimgonga mtoto wa mtu," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "diploma itamfufua?"

Alikuwa sahihi, na sauti aliyoitumia ilikuwa yangu mwenyewe.

Nikawapigia madereva wa kirikuu. Wa kwanza akasema yuko mbali, huku nikisikia kelele za kijiwe nyuma yake. Wa pili akaweka simu kwenye spika na kuniambia, "Bosi, tungekuja, lakini sisi si ulituambia ni walevi?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Wa tatu alipuliza tu kwenye simu, fuuu, akakata.

Akabaki jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa Kiislamu anayeuza nafaka sokoni, ambaye familia yao imo kwenye biashara Dodoma tangu enzi za misafara. Ana kigari kizuri, na katika mtaa wetu ndiye pekee ambaye kila nilipompima taa ilikuwa kijani. Nikaenda kumpigia hodi, nikiwa na suti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akachezesha tasbihi kidogo.

"Jirani, wewe nitakupeleka popote. Ukiumwa nitakubeba mgongoni. Mkeo na watoto ni wangu. Lakini mzigo ule siwezi kuubeba, na unajua kwa nini."

"Najua, mzee wangu. Nisamehe kwa kukuuliza."

"Hujakosea kuuliza. Ila mbona huendi kwa mjomba wako?"

Nilijua atasema hivyo. Ndiyo maana sikuwa nimekwenda.

Mjomba nilimkuta anamfunga punda hatamu. Madumu yake ya maji yalikuwa bado matupu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Gari limeharibika?"

"Gari ni zima."

Akanitazama kuanzia viatu hadi tai. "Basi umeharibika wewe."

Nikamweleza. Kila sentensi ilikuwa inanigharimu. Nilipofika kwenye nyumba ya sita na kikombe cha sita, alikaa chini kwenye ukingo wa mkokoteni akafuta machozi kwa kofia. Nilingoja. Nikamwambia juu ya bibi wa Mpunguzi na wenzake, kwamba saa sita ikipita wale watu watakuwa wamenipa jasho lao bure. Hapo aliacha kucheka. Alisimama, akaanza kushusha madumu yake.

"Kabla hatujaondoka," nikasema, maana tabia haifi, "itabidi nawe upulize."

"Mimi siendeshi. Anayeendesha ni huyu." Akampigapiga punda shingoni. "Mpulizishe."

Tukahamishia kreti kwenye mkokoteni, tukaweka matandiko ya majani katikati ya chupa, tukaanza safari. Kutoka Nkuhungu hadi Ipagala ni kuuvuka mji mzima, na kwa punda aliyebeba mvinyo ni safari ya kutosha mtu kufikiria maisha yake. Mjomba alitangulia ameshika hatamu. Mimi nilifuata nyuma, mkono mmoja kwenye turubai, mwingine umeshika kifaa. Magari ya serikali yalitupita, vioo vyeusi juu. Upepo ulikuwa ule wetu, wenye vumbi jekundu, na suti yangu ilikuwa ya rangi ya maziwa.

Penye makutano ya reli nikapuliza. Nyekundu, ila namba ilikuwa imeshuka kidogo.

"Inashuka!" nikasema.

"Kumbe dawa ni kutembea," mjomba akasema.

"Hapana, mjomba. Kutembea hakusaidii kitu. Inashuka kwa sababu muda unapita."

"Hata tungekaa ingeshuka?"

"Hata tungekaa."

Akatembea hatua kadhaa akilitafakari hilo. "Basi wewe ungebaki nyumbani. Mimi na punda tulikuwa tunatosha."

Kwenye kituo cha bodaboda vijana walinitambua. "Diploma! Punda amepuliza?" Kabla sijafungua mdomo, mjomba akawajibu, "Amepuliza, amefaulu. Aliyefeli ni huyu wa tai!" Wakapiga honi kama vile rais anapita. Mbele kidogo trafiki mmoja wa kike, ambaye siku za nyuma nilimwonyesha kifaa changu na kumshauri namna ya kufanya kazi yake, alitusimamisha. Akakagua mkokoteni, akamkagua punda, akanikagua mimi.

"Mwalimu, leo gari liko wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Na wewe mbona unapuliza njia nzima?"

Nikamweleza ukweli, kwa sauti ndogo. Nikangoja dharau, ikawa siyo. "Laiti madereva wote wangekuja na punda siku kama hii," akasema, akasimamisha magari upande wa pili ili tuvuke. Nilivuka barabara kuu ya makao makuu ya nchi mbele ya foleni ya magari, nyuma ya mkia wa punda, na nitakuwa mwongo nikisema sikunyoosha mabega.

Ukumbini tulifika saa sita ikiwa inakaribia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mlangoni, simu sikioni, na nilimsikia anauliza bei kwa mtu wa duka. Alipouona mkokoteni, akaishusha simu.

"Hii nini?"

Mjomba alinitazama. Punda alinitazama. Nami, jasho linatiririka, vumbi hadi kwenye nyusi, nikajisikia nasema: "Mvinyo wa kiwango hiki hautikiswi na injini, mwenyekiti. Unaletwa kwa mwendo wa utulivu."

Nyuma yangu chupa zilikuwa zimegonganagongana kwenye kila shimo tangu Nkuhungu.

Mwenyekiti aliangalia saa, akaangalia kreti, akaongea na simu: "Bwana, acha. Wa kwetu umefika." Kisha akawaita vijana wa ukumbini washushe mzigo, na akapiga picha na punda.

Tulikwenda kukaa kivulini kando ya ukuta. Mjomba aliniomba kifaa, akanipa nipulize kwa mara ya mwisho. Kijani. Safi kabisa, sasa kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuendesha.

"Kwa hiyo pombe ya jana mchana," mjomba akasema, "imekaa mpaka leo mchana."

"Ndiyo, mjomba."

"Na ulikuwa unalijua hilo."

"Nililisomea."

Alinipa kipande cha muwa. Hakusema tena neno juu ya meza ya harusi, nami sikumkumbusha, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu ni sawa na kufunga siku tatu.

Kamati ililipa yote wiki iliyofuata. Sikungoja hata siku moja. Nilivaa shati la kawaida, nikaenda Mpunguzi, nikazunguka kaya zote sita, nikamlipa kila aliyenikopesha, mkono kwa mkono, mbele ya watu wake. Kwa bibi nilikwenda mwisho, makusudi, ili nikae. Alizifunga fedha kwenye pindo la khanga bila kuzitazama, akaniuliza kama wageni wa harusi walikula vizuri.

Nilipoaga, alinionyesha shamba kwa kidevu. Mizabibu ilikuwa imeshaanza kukauka majani.

"Keshokutwa tunapogoa. Njoo na mkasi wako wa Sauzi."

Nikamwambia kwamba mimi, bibi, nimepogoa mashamba makubwa kuliko tarafa hii nzima.

"Vizuri," akasema. "Utaanza na mistari ile ya kule nyuma, isiyoonekana kutoka barabarani."